Stroberi za Chini ya Chandarua

Tunda la kwanza lilitoka limekunja uso.

Sijui nilieleze vipi. Upande mmoja ulikuwa umejaa, mwekundu, unang'aa kama shavu la mtoto aliyetoka kuoga. Upande wa pili ulikuwa umejikunyata, mgumu, wa kijani, kama mtu aliyeonja ndimu. Mama mkwe wangu aliliweka kwenye kisahani, akakifunika kwa kisahani kingine, akakileta mezani mpaka mbele yangu. Ndipo akafunua.

"Haya," alisema. "Kinyozi wako huyo. Anakusalimu."

"Mama, ni moja tu. Tusubiri mengine."

Tukasubiri. La pili lilikuja na kiuno. Lililofuata lilikuwa na pua. Binti yangu, ambaye marehemu baba yake alimbandika jina la Chiriku kwa sababu alianza kusema kabla ya kumaliza kuota meno, alichuma jingine, akaligeuzageuza, akaanguka chini kwa kicheko.

"Mama! Hili lina makalio!"

Bibi yake hakucheka. Aliniangalia mimi, na sikuwa na pa kuyaweka macho yangu, maana tulikuwa tumewekeana ahadi juu ya matunda yale.

Mimi ni fundi saa. Kibanda changu ni kile cha kioo kilichobanwa kati ya duka la viatu na ngazi, na meza yake ni ndogo hivi kwamba nikipiga chafya skrubu zinatawanyika. Kilikuwa cha mume wangu. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, jioni kwa jioni, wakati ugonjwa ulikuwa bado haujamlaza, na alipoondoka aliniachia kibanda, Chiriku, na mama yake. Tunaishi sote watatu katika nyumba yake. Kuna wake wanaolalamika juu ya mama wakwe zao, mimi wangu ndiye aliyenishika mkono siku ile watu walipomaliza kutawanyika, akaniambia, "Twende nyumbani, chakula kiko motoni." Sijasahau.

Mbele ya kibanda changu, ng'ambo ya njia, kuna duka la kunyolea. Mwenye duka watu wanamwita Kinyozi tu, kana kwamba dunia nzima haina mwingine. Ni mtu mrefu, mpole, anayemsikiliza mteja kwa kichwa kilichoinama. Saa yake ya ukutani ilikuwa inakufa kila wiki. Kila wiki anavuka njia nayo, anaiweka mezani pangu, anasimama pale nikiifungua. Ilinichukua muda kugundua kwamba saa haikuwa na ugonjwa wowote. Alikuwa anaitoa betri nzima, anaiwekea betri iliyokufa.

"Hii betri umeitoa wapi?" nilimuuliza siku nilipomgundua.

"Kwenye saa nyingine."

"Nayo ile nyingine utaileta lini?"

"Ukinipa ruhusa," alisema, "hata kesho."

Nikacheka. Nilikuwa sijacheka na mwanamume tangu msiba, na kicheko kile kilinitoka kama kitu kilichokuwa kimefungiwa kabatini.

Miche aliileta baadaye, ndani ya makopo ya poda ya kunyolea aliyoyatoboa chini. Majani matatumatatu, yenye meno pembeni, mabichi kabisa.

"Nini hivi?"

"Stroberi. Za shangazi yangu. Mche mkubwa unatoa kamba, kamba ikigusa udongo inatia mizizi, unapata mche mwingine."

"Sasa mbona unanipa mimi?"

"Kila nikitazama huku umeinamia vitu vidogo vya chuma," alisema. "Nikaona upate kitu kidogo kinachokua."

Nilibeba makopo yale nyumbani kama mtu aliyebeba mayai.

Na ajabu ya kwanza ilikuwa Mama mwenyewe. Kibustani chetu, kati ya ukuta wa jikoni na uzio, kilikuwa kimeota magugu tangu mwanawe afariki. Alipoiona miche akaishika, akainusa, akaenda kutafuta jembe bila kusema neno. Tulinyanyua tuta, tukachanganya samadi iliyooza vizuri. Nikamweleza nilivyoelezwa: ule moyo wa mche, pale majani yanapotokea, usizikwe, uwe sawasawa na udongo, ukizama unaoza. Chini ya majani tukatandaza nyasi kavu ili tunda lisilalie tope. Na maua ya mwanzo kabisa yakitokea tuyakate, mche upate nguvu ya mizizi kwanza.

"Kumnyima mtoto ili mama anenepe?" alinung'unika. Lakini akayakata, moja moja, na kila moja akaliambia pole.

Alianza kuamka kabla yetu kwenda kumwagilia. Alianza kuimbaimba. Siku aliyoniuliza, "Hivi miche hii ulinunua wapi?" sikuweza kumdanganya mwanamke anayeimba. Nikamwambia. Nikamwambia na mengine yote, kwamba kuna mtu, kwamba ana nia njema, kwamba anataka kuja kwa heshima.

Aliendelea kumwagilia mpaka maji yakaisha.

"Mtu simjui kwa kusimuliwa," alisema mwishowe. "Nitamjua kwa miche yake. Matunda yakitoka mema, aje tuzungumze. Yakitoka mabaya, usinitajie tena kinyozi ndani ya nyumba ya mwanangu."

Na mimi, kwa kuwa majani yalikuwa mabichi kiasi kile, nikakubali. Nilidhani nimeshashinda.

Sasa matunda ndiyo hayo, yana viuno na makalio.

"Mwite," Mama aliniambia. "Nitamwambia mwenyewe, uso kwa uso. Mtu hakataliwi kwa kutumiwa salamu."

*

Alikuja siku ya mapumziko, alasiri. Shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama, na mkononi ana mkoba wake wa kazi, maana alikuwa ametoka kumnyoa mzee mmoja mgonjwa asiyeweza kufika dukani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Pita. Viatu viache hapohapo mlangoni."

Alikaa pembeni kabisa mwa kiti. Nilimwona anaitazama sebule yetu, na kwa mara ya kwanza nikaiona kwa macho ya mgeni. Televisheni ina kitambaa. Redio ina kitambaa. Birika lina kofia, jagi lina kisahani, viti vina mashuka. Majirani wanamwita Mama mkwe wangu Bibi Kawa, kwa kuwa hawajawahi kukiona chakula chake kikiwa wazi. Alianza kufunikafunika mwaka ule wa msiba na hakuacha. Chiriku akitoka nje jua likiwaka, anavalishwa sweta.

Mama akafunua kisahani. Matunda yalikuwa yamepangwa, yote yamekunja nyuso kama kikao cha wazee waliokosa chai.

"Zawadi yako hiyo," alisema. "Sisi tumeihudumia. Maji imepata, samadi imepata, hakuna tulichoinyima. Tazama ilivyotulipa."

Kinyozi akachukua tunda moja. Alilitazama huku na huku jinsi anavyotazama kichwa cha mteja. Akang'ata upande ule wa kijani, akatafuna, macho yakamtoka machozi. Akang'ata upande mwekundu.

"Upande huu ni mtamu sana, Mama," alisema. "Mtamu kuliko za shangazi."

"Mtu haolewi na upande, baba."

Nilitamani sakafu inimeze. Yeye akainamisha kichwa, akalimaliza tunda lote, mpaka lile gumu.

"Kwa shangazi hazijawahi kutoka hivi," alisema taratibu. "Unaniruhusu nikaitazame miche?"

Mama alifikiri. "Nenda akuonyeshe. Mimi nachemsha chai, usije ukasema ulitoka kwangu na koo kavu. Chiriku, fuatana nao. Na usifumbe mdomo."

Kumwambia Chiriku asifumbe mdomo ni kumwambia samaki aogelee. Alitutangulia akieleza habari za kila jiwe.

Tulipofika kwenye tuta, Kinyozi alisimama.

"Hiki nini?"

"Kipi?"

"Hiki."

Nikatazama alikoonyesha, na nawaapia nilihitaji muda kukiona. Kilikuwa chandarua. Kile cha Chiriku cha utotoni. Maua yalipoanza na ndege nao walipoanza kutua kwenye uzio, Mama alikitoa sandukuni, akakikunja mara mbili, akakitandika juu ya vijiti, akakibana kwa mawe pande zote. Tulikuwa tunamwagilia juu yake, na kuchuma tunapenyeza mkono pembeni na kurudisha jiwe. Ndani ya nyumba yetu kitu kilichofunikwa hakionekani. Kisichofunikwa ndicho kinachoshangaza.

"Ni kwa ajili ya ndege," nilisema.

Tuliondoa mawe ya upande mmoja, tukakinyanyua. Chini yake kulikuwa na joto tulivu, majani mapana, maua meupe yamejaa tele. Nikachuma tunda moja lililokunja uso. Kioo changu cha kukuzia, kile tunachokibana jichoni sisi mafundi saa, huwa kinaning'inia kifuani mwangu hata siku nisizofanya kazi. Nilikibana bila kufikiri, kwa mazoea tu ya kutazama kilichoharibika.

Nikalisogeza tunda karibu zaidi.

"Umeona nini?"

"Ngoja."

Zile punje ndogo juu ya ngozi ya stroberi, ambazo watu tunakula bila kuziuliza jina, kwenye upande uliojaa zilikuwa nene, za dhahabu, kila moja imekaa kwenye kishimo chake kama kito kwenye pete. Upande uliokunjamana punje zilikuwapo pia, nyingi vilevile, lakini zilikuwa bapa, kavu, zimesongamana kama vumbi. Hazikuwa na uhai. Na pale zilipokosa uhai, tunda halikujaa.

"Njoo uone," nilimwambia, nikamvisha kioo jichoni kwa mkono wangu mwenyewe.

Alikuwa amepiga magoti kando yangu, bega lake limegusa langu. Ananukia sabuni na poda.

"Hizi hapa zimeamka," alisema polepole. "Hizi hazikuamka."

"Kwa nini?"

"Mama," Chiriku aliita, "mbona nyuki amekosa mlango?"

Tuligeuka wote. Juu ya ule upande wa chandarua ambao haukufunuliwa, nyuki mmoja alikuwa anatembea. Anakwenda mpaka kwenye mshono, anarudi. Anashuka mpaka kwenye jiwe, anarudi. Chini yake kidogo tu, umbali wa kidole, ua jeupe limefunguka lote, linamtazama.

Nilichukua kioo, nikainama juu ya ua lililo karibu. Mwalimu wetu wa masomo ya jioni alituchorea ua ubaoni, nikalinakili, nikapata alama nzuri, nikafunga daftari. Sikuwahi kujua kwamba nilichonakili ni hiki. Katikati pana kilima kidogo, kibichi, na juu ya kilima kile vimesimama vijinywele, vingi, vingi mno, kila kimoja kimenyoosha shingo. Kukizunguka pande zote vipo vijiti vyenye vichwa vya unga wa njano, ile chavua. Unga uko palepale. Na vijinywele viko palepale. Wamekaa nyumba moja, hawajafikiana.

"Kila kinywele ni punje moja," nilinong'ona. "Kikiguswa, punje inaamka. Ikiamka, inaita utamu uje uizunguke. Kisipoguswa, hapo panabaki pakavu. Tunda zima... tunda zima ni mahali palipoguswa."

Nilipoinua uso, alikuwa hatazami ua.

"Kwa hiyo nyuki," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "anatembea juu ya kila kimoja."

"Kila kimoja."

"Bila kuruka hata kimoja?"

"Anaporuka, ndipo panapokunja uso."

Alifungua mkoba wake. Akatoa brashi ile laini ya kufutia nywele shingoni, mpya, bado na karatasi yake, akaichana karatasi. Akaigusisha kwenye ua. Hakupangusa, aligusa tu, akizunguka, pembeni kwenye unga kisha katikati kwenye kilima, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto machozi bila kumwamsha. Niliona kwa kioo jinsi unga wa njano ulivyoshika ncha za vijinywele, kimoja baada ya kingine, vikang'aa. Sijui mwanadamu anatakiwa aseme nini akiona kitu kama hicho. Mikono yangu imezoea magurudumu madogo kuliko punje ya mtama, na siku zote nimestaajabia aliyeyabuni. Lakini haya hayakutengenezwa na fundi wa mezani. Yalikuwa yanafanyika kila alfajiri kwenye kila kichaka, kimya, bila kusifiwa, na mimi nilikuwa nakula na kutema kikonyo.

"Nami!" Chiriku alisema. Kinyozi akampa brashi. Akamshika kiganja, akamwongoza. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe binti yangu alinyamaza kabisa.

Nikasimama. "Nakwenda kumwambia Mama."

"Usiende."

"Nini?"

"Usimwambie." Kinyozi alisimama pia, akashusha sauti. "Tukifunue hiki kidogo, tukiweke juu zaidi, pembeni tuache wazi. Mengine yatajirekebisha. Lakini usimwambie kwamba ni yeye."

"Lakini ni yeye! Miche yako haina kosa. Wewe huna kosa!"

"Najua."

"Basi anakukataa leo! Ameshachemsha chai ya kukukataa nayo!"

"Nimemsikia." Alitabasamu kidogo, na tabasamu lile ndilo lililoniudhi kuliko yote. "Sikiliza. Mama wa watu ameamka kila asubuhi kuimwagilia hii miche. Mimi nije siku ya kwanza, nikanyage sebule yake, halafu nimwambie ulichokilinda ndicho ulichokiharibu? Mama aliyezika mtoto? Siwezi kuingia kwenye nyumba kwa kumvunjia heshima mwenye nyumba."

"Basi utatoka kwenye nyumba ambayo hukuwahi kuingia."

"Nitatoka."

"Na mimi?"

Akainamia mkoba wake, akaanza kuufunga.

"Nimekuuliza, na mimi? Umekaa miezi yote unaua saa yako ili unione, leo unaona aibu kusema neno moja la kweli? Heshima yako hiyo umeipima ukaona inanitosha hata mimi?"

"Usilie."

"Silii! Ni jua."

"Jua liko nyuma yako."

"Usinichekeshe, nimekasirika!"

"Endeleeni tu," sauti ilisema kutoka ukutani. "Ila mkae mkijua dirisha la jikoni lina pazia, halina kioo."

Pazia likasogea, uso wa Mama ukaonekana kidogo, ukapotea. Mlango wa nyuma ukalia. Akaja, polepole, akifuta mikono kwenye kanga aliyojifunga kiunoni, akapita katikati yetu kana kwamba sisi ni uzio, akapiga magoti kwenye tuta pembeni ya mjukuu wake.

"Leta hicho kijicho," aliniambia.

Nikamvulia kioo, nikambania jichoni. Hakuwahi kukivaa. Kilikaa miaka yote kwenye jicho la mwanawe, kisha kwenye langu, na yeye hakuwahi hata kukigusa.

"Sioni. Ukungu mtupu."

"Sogea, Mama. Sogea mpaka karibu kabisa. Hapo. Usitikisike."

Aliinama. Mgongo wake ukatulia, kisha mkono wake mmoja ukainuka wenyewe hewani, ukabaki pale, vidole vimefunguka, kama mtu anayeomba watu wanyamaze ingawa hakuna aliyesema. Chiriku alimtazama mdomo wazi. Nyuki alikuwa ameipata njia, alikuwa amezama kwenye ua la tatu kutoka usoni pake, na Mama hakumfukuza. Alimfuata kwa kioo. Aliona miguu yake ikikanyaga vile vijinywele, nina hakika aliona, kwa sababu alisema, "Ee Mola wangu," kwa sauti ambayo sikuijua.

Kisha, bila kuinua kichwa:

"Hivi ndivyo alivyokuwa akiona mwanangu?"

"Saa, Mama. Alikuwa akiona saa. Lakini hivyohivyo, kubwa na angavu."

"Kutwa nzima?"

"Kutwa nzima."

"Nilikuwa nikimsema. Kazi gani ya kuinama, utapinda mgongo, tafuta kazi ya kusimama kama wanaume wenzio. Naye ananicheka tu." Aligusa ukingo wa kioo. "Kumbe alikuwa huku."

Nilimshika bega. Hakulitoa.

Alipovua kioo, jicho moja lilikuwa na alama ya duara na yote mawili yalikuwa na maji. Alikitazama chandarua.

"Na mimi nimewafungia mlango."

"Ndege nao wapo, Mama," Kinyozi alisema haraka. "Hukukosea kuwaona. Ungeacha wazi kabisa yasingebaki hata ya kupinda."

"Wewe, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Kaa chini, umenizidi urefu."

Akakaa chini, kwenye udongo, na suruali yake ya pasi.

"Nikwambie kitu ambacho hata huyu hakijui," Mama alisema, akanionyesha kwa kidevu. "Tunda la kwanza lilipotoka limekunja uso, nilifurahi. Nilisema, nimepata sababu. Usiku ule nililala vizuri." Alishika sweta la Chiriku, akaanza kulifungua vifungo bila kuangalia anachofanya. "Si kwamba wewe ni mbaya. Watu wamekusifu, nimeuliza. Ni kwamba huyu akiondoka kwenye nyumba hii, anaondoka na Chiriku. Na mimi nitabaki nafunika viti. Sasa hapo nimkubalie nani? Mtu anakuja kunichukulia kilichobaki, nimwandalie na chai?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila pingamizi: kazi yake, umri wake, maneno ya watu. Hili lilikuwa langu pia, nilikuwa nalala nalo ubavuni kila usiku.

Kinyozi alikuwa anatazama mikono yake.

"Mama," alisema, "huyu mtoto amewahi kuniambia kitu dukani. Alikuwa amekuja na mama yake kuchukua saa. Akasema yeye halali mpaka asikie bibi yake anakohoa chumba cha pili. Akikohoa, ndipo anajua watu wote wapo."

"Nilisema kweli," Chiriku alithibitisha.

"Nikafikiri sana. Hapa nyuma yenu, uzio wa pili, kuna vyumba viwili vinapangishwa. Vile vya mlango wa bluu. Ukikohoa sana, mtu akiwa kule anasikia. Nilikwenda kumwona mwenye navyo."

Nilimgeukia. Hakuwahi kuniambia.

"Lini?" Mama aliuliza.

"Kabla ya kuleta miche."

"Kabla ya miche! Kabla hujajua kama nitakukubali?" Akanigeukia. "Unamsikia huyu? Kumbe alikuwa na hakika!"

"Sikuwa na hakika hata kidogo, Mama. Mpaka sasa sina. Mimi sikuja kukaa kwenye kiti cha mwanao. Kiti chake kibaki kilivyo. Nilikuwa natafuta pa kuweka changu ambapo hakitamzuia mtoto kusikia."

Upepo ulipita, ukaingia chini ya chandarua kilichonyanyuliwa, maua yote yakatikisika kwa pamoja. Mama aliyatazama mpaka yakatulia. Alimaliza kifungo cha mwisho, akamvua Chiriku sweta, akalitupa begani kwake. Mikono ya mtoto ikabaki wazi juani.

"Vyumba vile vinavuja," alisema. "Nilimjua aliyekaa mwanzo. Kila mvua alikuwa anahamisha kitanda."

"Nitaziba, Mama."

"Utaziba na nini, na mikasi?"

"Nitajifunza."

"Hmm."

Alijaribu kusimama, goti likakataa. Kinyozi alikuwa ameshainuka, akamnyooshea mkono. Mama aliutazama ule mkono, wenye unga wa njano kwenye vidole. Kisha akaushika, akajivuta juu, akakung'uta kanga yake. Hakumwangalia. Aliniangalia mimi, na akasema kwa ukali uleule anaoniambia nao nianue nguo mvua ikikaribia:

"Unasimama nini? Chai imepoa ile. Kampashie mwenzio."

Mwenzio.

Akaenda zake na mjukuu wake kutazama ua jingine. Nikageuka, nikamwona Kinyozi amesimama katikati ya stroberi, ananitazama mbele ya watu wote kama mtu aliyeitwa jina lake kwa mara ya kwanza. Nami nilikuwa naelekea jikoni, nyumba niliyoishi miaka yote, na sikumbuki mlango ulikuwa upande gani.